Sweta la Timoth

Sumbawanga kuna baridi, na baridi ndiyo inayonilisha. Nafuma masweta ya shule kwa mashine, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu hapa Chanji, na ikifika Mei sina muda hata wa kujikuna. Kila shule ina rangi yake. Shule ya msingi ya kijijini kwetu, njia ya kwenda Namanyere, wanavaa damu ya mzee. Sijui ni nani aliyechagua rangi hiyo kwenye nchi ya radi kama hii, ila ningempata ningemuuliza alikuwa anafikiria nini. Kwetu mtoto hajabadilisha meno, tayari anajua kwamba mvua ikianza kunguruma kioo kinafunikwa, jembe linaachwa shambani, na chochote chekundu kinavuliwa. Basi watoto wa shule ile, wingu likitanda tu, wanavua masweta wanayaficha kwenye mikoba, wanatembea na vifua wazi huku wanatetemeka.

Sweta la Timoth nililifuma mimi. Alikuwa mtoto wa mwisho wa mdogo wangu Wilibrodi, ana miaka tisa, mdomo haufungi hata akiwa anakula. Nililifuma kubwa ili adumu nalo, mikono ikawa inamfunika vidole.

Februari mwaka jana mama yake, wifi yangu Modesta, alimtuma mashineni kusaga mahindi pamoja na dada yake Salome. Salome alikuwa na miaka kumi na minne. Walikwenda na baiskeli ya baba yao, wakasaga, na wakati wa kurudi mvua ikawakuta kule uwandani ambako hakuna hata kichaka cha kukimbilia. Radi ilimpiga Timoth. Salome ilimrusha pembeni. Watu walipofika walimkuta amekaa kwenye maji, amemshika mdogo wake mkono, unga umemwagika umekuwa uji, naye haelewi anachoambiwa kwa sababu masikio yalikuwa yameziba.

Tulimzika mtoto. Nikikumbuka jeneza lile lilivyokuwa jepesi, mpaka leo nakosa nguvu za mikono.

Baada ya mazishi ukoo ulikuwa na swali moja tu: nani kaituma? Hapo ndipo ninapotaka kugombana na watu wangu. Nchi nzima inatutania Wafipa kwamba tunatuma radi kama wengine wanavyotuma pesa kwa simu. Tukitaniwa tunanuna, tunasema huo ni uongo wa watu wasiotujua. Ikitua kwetu, sisi ndio wa kwanza kutafuta aliyeituma. Binamu yetu Felisian alikuwa na jina tayari mdomoni, bibi mmoja mjane anayepakana shamba na Wilibrodi, eti macho yake mekundu. Mwanamke anapika kwa kuni miaka sitini, macho yake yawe ya rangi gani? Wilibrodi alikataa kulisikia jina lile, akasema Mungu ametoa na Mungu ametwaa.

Katika maswali yote yaliyoulizwa pale msibani, hakuna hata moja aliloulizwa Salome. Tulimpa soda, tukamfunika blanketi, tukaambiana kwa sauti ya chini kwamba asikumbushwe. Na yeye akakaa kimya. Mwanzoni tulidhani ni masikio. Masikio yakazibuka, kimya kikabaki. Akiitwa anaitika, akitumwa anakwenda, lakini neno la kwake mwenyewe halitoki. Usiku halali. Modesta naye alikuwa akimtazama binti yake anageuza uso, nami nilijua ni kwa sababu watoto wale walifanana, lakini Salome angejuaje?

Nikamwambia Wilibrodi, "Nipe huyu mtoto nikakae naye mjini." Akanipa. Tukamhamishia shule ya sekondari huku.

Kiangazi kilitudanganya. Juni, Julai, Agosti, mbingu nyeupe, hakuna wingu, na Salome akaanza kunenepa. Alikuwa anatoka shule anakaa nami chumba cha mbele, anasokota nyuzi, anafagia vipande. Siku moja akaniomba nimfundishe mashine. Nilifurahi mpaka nikampigia simu Modesta. Binti alijifunza upesi kunipita mimi nilipokuwa naanza, na mwezi wa tisa akaniomba mabaki ya nyuzi ili afume sweta lake mwenyewe. Nikamwambia achague anayotaka kwenye gunia. Akachagua nyekundu tupu. Damu ya mzee ya shule ile, nyekundu ya kwaya, na mafundo mawili ya nyekundu kali iliyobaki kwenye kofia za watoto wa ubatizo. Nikasema moyoni, tazama, ameacha kuogopa rangi. Nikamsifu. Mimi huyu, mwanamke mzima, nikamsifu na kumkazia kola.

Mvua zikaanza Novemba. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mtoto mwoga. Ngurumo ya kwanza tu nikafunga madirisha, nikafunika kioo, nikapandisha sauti ya redio, nikamwita Salome aje tukae jikoni. Akaja. Akakaa. Sikuona hofu yoyote, nikadhani amepona. Usilolijua ni usiku wa giza.

Aliyenifungua macho ni Mwalimu Anyosisye, mwanamke wa Mbeya anayefundisha shuleni kwake na kushughulikia malezi. Alikuja kuchukua masweta ya darasa lake. Akayahesabu, akayafunga, halafu badala ya kuondoka akakaa kwenye benchi.

"Dada Cornelia, naomba nikuulize kuhusu Salome. Anaogopa radi?"

"Sana," nikamjibu. "Si unajua yaliyompata?"

"Najua. Nina wanafunzi wengine waliopatwa. Mmoja mafuriko yaliwabomolea nyumba, mwingine kama yeye, radi. Wakisikia ngurumo wanaingia chini ya madawati, wanaziba masikio, mmoja anajikojolea na yuko kidato cha tatu. Nawajua watoto wanaoogopa. Salome ngurumo ikianza anaomba ruhusa ya kwenda nje. Mara ya kwanza nilidhani tumbo. Juzi nilimfuata. Alikuwa katikati ya uwanja wa mpira, amesimama tu. Amevaa sweta jekundu juu ya sare."

Mkono wangu ulikuwa bado umeshika uzi. Nikaona kila kitu kwa mara moja: lile gunia la mabaki, zile nyuzi alizozichagua moja moja, kola niliyoikaza mimi. Yule mtoto hakuwa anaikimbia radi. Alikuwa anaiita.

Anyosisye akasema pale hospitalini kuna muuguzi wa afya ya akili anayeongea vizuri na vijana, na kwamba tusimchukulie mtoto kama mtu wa wazimu, ni ugonjwa kama mwingine. Tukapanga tumpeleke hospitali shule zikifunguliwa Januari, kwa sababu Desemba ile yule muuguzi alikuwa likizo. Akaniambia pia nisimwache peke yake mvua ikinyesha, na nimuulize anachofikiria, nisimwambie anachopaswa kufikiria. Akaongeza kwamba radi haijui rangi. Inatafuta kilichosimama peke yake uwandani, hata kikiwa cheupe. Nilimsikia na nilimwamini. Na mvua ikianza bado nafunika kioo, siwezi kusema uongo.

Jioni ile nilimuuliza. Nilitumia maneno yote niliyokuwa nayo. Akasema, "Sina kitu, Shangazi." Nikalichukua lile sweta nikalifungia kabatini, na ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari. Wazazi wake sikuwaambia. Modesta alikuwa amekonda amebaki macho, nikaogopa kumwongezea. Nilijiambia nitabeba mwenyewe mpaka Januari.

Krismasi ilipokaribia tukaenda kijijini. Kulikuwa na misa ya kumwombea Timoth, na kulikuwa na kazi ya ntumba. Ntumba ndiyo matuta yetu ya duara tunayofukia majani wakati wa masika, yakioza yanavunjwa mwaka unaofuata na ulezi unasiwa juu yake. Lile shamba la uwandani Timoth alishiriki kulifukia wiki zake za mwisho, na Modesta alikuwa amekataa lisiguswe. Mvua zilikuwa zinakwenda, majirani wote wameshasia, shamba la Wilibrodi limekaa na vichuguu vyake kama lilivyoachwa. Mdogo wangu akaniita niongee na mke wake, maana yeye alikuwa amechoka kuongea.

Tulipofika nilikagua begi la Salome. Nguo za ndani, kitabu cha Hisabati, sketi. Sikukagua mwili. Kulikuwa na baridi, alikuwa amefunga zipu ya koti mpaka kidevuni, na mimi fundi wa masweta sikujiuliza kavaa nini ndani. Ufunguo wangu alikuwa ameuchukua nikiwa usingizini na kuurudisha.

Mchana baada ya misa wanaume walikaa uani. Felisian alikuwa ameleta habari zake upya. Kuna mganga ng'ambo ya Kasesya, upande wa Zambia, ana kioo, anamwonyesha mtu sura ya aliyemtumia radi. Salome ndiye aliyekuwepo, kwa hiyo Salome ndiye anayetakiwa kwenda kutazama. Akirudi na jina, kimya chake kitaisha.

"Na akikuona wewe kwenye hicho kioo?" nikamuuliza kutoka mlangoni.

"Dada, usifanye mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Mnataka mtoto wa miaka kumi na mitano aende Zambia akarudi na jina la bibi wa watu, halafu vijana wenu wakafanye nini nyumbani kwa bibi huyo? Na yeye aishije na hilo?"

Wilibrodi alikuwa ameinamisha kichwa. Safari hii hakusema Mungu ametoa. Alisema, "Dada, mtoto hasemi. Nimejaribu kila kitu." Nikaona kwamba mwanamume yule ameshalegea, angekubali kupelekwa popote. Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu, ndipo ngurumo ya kwanza ikapita juu ya paa. Nikageuka. Salome aliyekuwa amekaa jikoni na mama yake hakuwepo.

"Kaenda wapi?" nikamuuliza Modesta.

"Kasema anaenda kuangalia shamba."

Sijawahi kukimbia vile tangu nikiwa msichana, na mwili nilionao si wa kukimbia. Viatu viliniacha njiani. Mvua ilikuja ikitembea kutoka upande wa milima ya Mbizi, unaiona, nyeupe kama pazia, na kila umeme ulipowaka nilipiga ishara ya msalaba nikaita majina ya watakatifu ninaowajua na nisiowajua. Niliogopa. Nataka ieleweke hivyo. Miguu ilikuwa inakwenda mbele na tumbo linataka kurudi.

Nikamkuta kule shambani, amesimama juu ya ntumba, koti amelitupa chini. Lile sweta lilikuwa jekundu kupita kiasi katikati ya mvua ile. Alikuwa ameinua uso, amefumba macho, mikono imening'inia. Aliposikia ninavyohema akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona hofu usoni mwake.

"Rudi, Shangazi! Ondoka! Itakupiga wewe kwa makosa!"

"Shuka."

"Inanitafuta mimi. Shangazi, tafadhali, rudi nyumbani."

Sikuwa na hekima yoyote ya kumpa. Nilichofanya ni kujitupa nikamkumbatia magoti, naye akaanguka juu yangu, tukalala kwenye tope katikati ya matuta. Nikamwambia kama inakuja ituchukue wawili, maana peke yake simwachi. Alinipiga ngumi mgongoni akilia nimwachie. Ngurumo ikapasuka mahali, si mbali, ardhi ikatetemeka chini ya tumbo langu. Nikamshika zaidi. Na hapo, mdomo wake ukiwa sikioni mwangu, akasema, "Alitaka kulivua. Mimi nikamkataza."

Nilikuwa sielewi. "Kuvua nini?"

"Sweta. Mvua ilipoanza alitaka kulivua. Nikamwambia asivue. Nikamwambia akivua nitamchapa. Mimi ndiye niliyemuua, Shangazi."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Karibu mwaka mzima tulikuwa tunamfunika blanketi na kumpa soda, kumbe ndani alikuwa amebeba maiti ya mdogo wake peke yake. Nilitaka kumwambia radi haijui rangi. Nikaona ni maneno ya Anyosisye, na pale kwenye tope yasingefika popote. Nikamwambia tu, "Twende kwa mama yako."

"Hapana. Atanichukia."

"Twende."

Mvua ilipopungua nikamwinua nikamrudisha. Sisemi kwamba alipona siku ile. Januari tulimpeleka hospitali kama tulivyopanga, na bado anakwenda kwa yule muuguzi, na masika haya ya sasa kuna siku nafunga duka nakaa naye tu mpaka wingu lipite. Lakini mtu anayetaka kujua ni wapi alipogeuka kurudi kwetu, ni pale jikoni kwa Modesta, mchana ule.

Modesta alikuwa amekaa mbele ya moto. Alituona tulivyo, matope mpaka nywele, akaliona lile sweta. Akasimama. Salome akabaki mlangoni, maji yanamtiririka, meno yanagongana. Ningeweza kumsemea. Nilifungua mdomo, nikaufunga tena, na sijui kazi ngumu kuliko hiyo niliyowahi kufanya.

"Mama," akasema. "Timoth alitaka kuvua sweta. Nilimkataza."

Modesta alimtazama binti yake, safari hii bila kugeuza uso. Akauliza, taratibu, kama anayeuliza habari za jana, "Kwa nini ulimkataza?"

"Alikuwa anakohoa. Kifua kilikuwa kinambana tangu asubuhi. Nikaona atalowa, atapata nimonia."

Modesta akakaa tena kwenye kigoda. Kisha akasema, "Usiku wa kuamkia siku ile alikohoa hakulala. Nilimpaka mafuta kifuani mwenyewe." Akajifuta pua kwa upindo wa kitenge. "Ningekuwa mimi pale njiani, Salome, ningemwambia hivyo hivyo. Asivue."

"Mama..."

"Ningemwambia asivue. Na mimi ndiye niliyewatuma mashineni na mtoto anakohoa. Njoo hapa."

Salome hakuja. Alianguka pale pale mlangoni, akalia kilio ambacho hakukilia msibani, kile cha sauti kubwa, cha kitoto, na mama yake ndiye aliyemfuata akakaa chini sakafuni akamvuta kifuani na matope yake yote. Sweta hakumvua. Nami nililia, mimi ambaye Chanji nzima wananijua kwa ulimi.

Walipotulia kidogo Modesta alimshika uso kwa mikono miwili. "Sasa niambie," akasema. "Miezi yote hii nimetamani kukuuliza nikaogopa. Mlikuwa mnaongea nini njiani?"

Salome akamtazama kama hajasikia vizuri.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mimi niliwaona mnaondoka tu. Mtoto wangu alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anapiga kengele ya baiskeli," Salome akasema polepole. "Alisema mwaka huu atakuwa mtumikiaji altareni, ila anataka kupiga kengele tu, mambo ya kubeba mshumaa hataki. Akawa anafanya mazoezi. Tulikuta mbuzi wa watu njiani. Akapiga kengele akawaambia wapige magoti."

"Akawaambia mbuzi?"

"Ndiyo, Mama. Aliwagombeza kabisa. Akasema, nyie mbuzi hamna ibada."

Modesta akatoa sauti. Nilidhani analia tena, kumbe anacheka, kicheko kilichotoka kimekwama kama mlango uliofungwa siku nyingi. "Wakapiga magoti?"

"Mmoja alipiga. Alikuwa anakula majani."

Kivuli kikaingia mlangoni. Wilibrodi alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, amelowa, na nyuma yake Felisian. Mdogo wangu alipiga magoti kwenye majivu karibu na mke wake na binti yake.

"Mimi sikusikia mwanzo," akasema. "Anza upya, mwanangu. Anzia mlipotoka mashineni."